Majina ya Madigadi ya Kulia

Ukitaka kumwona Mwanamkuu Shamte akikasirika, weka chupa ya mafuta ya breki juu ya gari alilolipiga rangi yeye. Mengine yote atakusamehe. Ukichelewa miadi atakusubiri, ukimkosoa atacheka, ukimwambia kazi ya rangi si ya wanawake atakukabidhi brashi uonyeshe ulichonacho wewe. Lakini chupa ile, hata ikiwa imefungwa kifuniko, ataiona tangu barabarani, na sauti yake itakufikia kabla yake.

Ana miaka hamsini na sita. Hapa Kilindoni, kisiwani Mafia, ni vigumu kupata ukuta wa duka au mlango wa gari la abiria ambao haujapitiwa na mkono wake. Anaandika bila rula na bila kuchora kwanza kwa penseli. Hufumba jicho moja, huvuta pumzi, na herufi zinatoka zimenyooka hivi kwamba watani wake husema ukimwaga maji juu ya mstari wake hayajui yateremkie upande gani. Yeye hakatai. Unyenyekevu ni kitu kizuri, husema, ila si cha kuvaliwa kazini.

Rangi alifundishwa na baba yake, mzee Shamte, aliyekuwa akiandika majina ya vyombo pale pwani. Kabla hajaruhusiwa kushika brashi, alishika kitambaa. Kazi yake ya utotoni ilikuwa kupaka sifa, yaani mafuta ya maini ya papa, kwenye mbao za vyombo ili maji ya chumvi yasizile. Yananuka vibaya mno, na Mwanamkuu anasema shuleni alikaa dawati la peke yake mpaka darasa la tano. Lakini somo lilimwingia. Kisiwa hiki chumvi inakula kila kitu, kuanzia kufuli na bawaba mpaka miwani ya imamu, na watu wake wamejifunza jibu moja tu: paka mafuta. Mbao zipake sifa, kufuli lipake ya nazi, mnyororo wa baiskeli upake chochote kilichobaki. Mtu wa Mafia akiona kitu kinang'aa kwa mafuta, moyo wake unatulia.

Ndiyo maana kosa lake la kwanza kwenye magari lilikuwa la kisiwani hasa. Alikuwa binti wa miaka ishirini, amemaliza mlango wa pikapu moja, rangi ya buluu imekauka vizuri, anajiona malkia. Fundi breki akadondosha matone machache ya mafuta yake juu ya ule mlango. Mwanamkuu hakugomba. Alichukua kitambaa akayasambaza mlango mzima, taratibu, kwa upendo, kama alivyofundishwa kupaka sifa, akarudi nyuma kuutazama ulivyong'aa. Alipopita tena na kitambaa adhuhuri, rangi ilikuja nacho, imevimba na kulegea kama ganda la kiazi kilichochemka.

Alilia, kisha akauliza. Mafundi wawili walimtania, wa tatu akamweleza. Mafuta ya breki si mafuta kama mengine. Hayaikingi rangi, yanaitafuna, na ukiyasugua unayasaidia kula. Dawa yake ni kitu ambacho mafuta mengine yote hukikimbia: maji. Yanachanganyika na maji, kwa hiyo ukiwahi kumwaga maji mengi, tena kwa kumimina, bila kusugua, yanaondoka yenyewe. Toka siku hiyo Mwanamkuu hajakaa karibu na gari bila ndoo iliyojaa. Kauli yake mafundi wote wa Kilindoni wanaijua na wanaiigiza kwa sauti nyembamba akiwa hayupo: "Maji kwanza, maneno baadaye!"

Sasa, katika magari yote aliyoyashika, liko moja ambalo hakulipiga rangi yeye na bado analihesabu kuwa lake. Ni Landirova ya kijani ya marehemu Hija.

Gari hilo lina umri unaokaribiana na wa Mwanamkuu. Limeishi muda mrefu hivyo kwa kuwa bodi yake ni alminiamu, na chumvi imejaribu ikachoka. Hija alilinunua likiwa tayari limechakaa, akalifanya kuwa gari la njia ya kaskazini, kutoka Bweni kule karibu na Ras Mkumbi kupitia Kirongwe mpaka Kilindoni, wakati barabara ilikuwa mchanga mtupu. Wajawazito waliozidiwa walibebwa na Hija kupelekwa hospitali. Wengine walifika. Wengine mtoto alikuwa na haraka kuliko gari. Mtoto wa kwanza alipozaliwa njiani, Hija alifurahi kama kamzaa yeye, akamwita Mwanamkuu amwandikie jina kwenye madigadi ya kulia, kifuniko cha gurudumu la mbele, upande wa dereva, kwa rangi nyeupe. Ikawa ndiyo desturi ya gari lile. Kila aliyezaliwa ndani yake aliandikwa. Mwanamkuu aliandika majina matano, moja chini ya jingine, yamepangika kama safu ya swala.

La sita hakuliandika yeye.

Wakati huo ameolewa Bweni na ana mimba ya miezi minane. Uchungu ulimshika alfajiri, Hija akaja mbio, na mtoto alizaliwa kabla hawajafika Kirongwe, Mwanamkuu amelala juu ya magunia ya nazi, mama yake kamshika kichwa. Alikuwa msichana. Mwanamkuu alimwangalia akamwita Zuena, kwa sauti, ili mama yake asikie. Hija naye akasikia, maana alikuwa amesimamisha gari na kugeuzia uso baharini kwa heshima. Mtoto aliishi mpaka karibu na alasiri ya siku hiyohiyo.

Watu walikuwa wema, na wema wao ulikuwa ni kunyamaza. Hakuna aliyelitaja lile jina tena. Mumewe hakulitaja, mama yake hakulitaja, na hakuna karatasi yoyote duniani iliyoliandika. Siku arobaini zilipokwisha, Mwanamkuu alitoka kwenda sokoni akaikuta Landirova imeegeshwa. Juu kabisa ya madigadi, kwenye ukingo ulio karibu na boneti, mahali ambapo mtu mwenye akili ya fundi asingeandika kitu, paliandikwa ZUENA. Lilikuwa jina baya kuliko yote aliyowahi kuyaona. Herufi ya kwanza ilikuwa imegeuka nyuma, U imelewa, na A ya mwisho ilikosa nafasi ikateremka pembeni. Hija alikuwa amesimama karibu, rangi bado imo kwenye kucha zake.

"Mimi naandika kila aliyezaliwa humu," alisema, bila kumtazama. "Na yeye kazaliwa."

Mwanamkuu akaingia sokoni. Baadaye aliendelea kuandika majina mengine matano yaliyofuata, la mwisho likiwa Munira, kila moja limenyooka. Ndoa ya Bweni ilikuja kuvunjika, akarudi kwao, akaolewa tena, akazaa wana watatu wa kiume, wote wakubwa sasa na wote waoga wa brashi. Zaidi ya mara mia wateja walimuuliza mbona halirekebishi lile jina la juu, linamwaibisha fundi. Yeye alijibu kwamba lile halina kosa. Kila akipita karibu na gari alilipapasa jina lile kidogo kwa kidole cha shahada, akaendelea na safari yake.

Hija alifariki miaka sita iliyopita. Gari likabaki kwa mwanawe Abdulhamidu, mtu mzima wa karibu miaka arobaini, mpole, mwenye mikono miwili ya kushoto. Analipenda gari la baba yake kwa dhati, na mapenzi yake ndiyo hatari yenyewe. Kikopo cha mafuta ya breki kilianza kuvuja kwa sababu raba za ndani zilikuwa zimezeeka. Badala ya kumwita fundi, Abdulhamidu alikuwa akiongeza mafuta kila baada ya siku mbili, na kila akiongeza, chupa anaiweka wapi? Juu ya madigadi ya kulia.

Haya Mwanamkuu hakuyajua. Angeyajua, kisiwa chote kingejua.

Ikaja wiki ya harusi ya Munira, yule wa jina la mwisho. Bibi harusi alisema hapandi gari jingine lolote, atapelekwa kwa mumewe na gari alilozaliwa. Abdulhamidu akavimba kichwa kwa furaha. Jumatano asubuhi alianza kulisafisha. Akaona kwamba mahali chupa ilipokaa rangi ya kijani ilikuwa na mng'ao wa ajabu. Akagusa, akaona unyevunyevu wa mafuta. Ndipo akili ya kisiwani ikamjia: kumbe haya yanaipendezesha rangi, na chumvi haitaigusa! Akachukua kitambaa laini, akamimina mafuta ya breki, akaanza kuyapaka madigadi nzima kuanzia juu, kwa upendo.

Mwanamkuu alikuwa anapita na ndoo yake kwenda kumalizia bango la duka la dawa. Aliiona chupa kwanza. Kisha akauona mkono.

"Abdu! Acha hapo hapo! Usisugue!"

"Shikamoo, Bi Mwanamkuu. Njoo uone linavyong'a..."

"Marahaba, toa mkono! Toa mkono, nakwambia! Umepaka saa ngapi?"

"Sasa hivi tu. Nusu saa, labda."

"Lahaula. Kalete maji. Ndoo, madumu, sufuria, lete yote mliyonayo."

Abdulhamidu alikimbia bila kuuliza, na hiyo ndiyo sifa yake mojawapo. Mwanamkuu aliinama akafumba jicho moja. Majina kumi ya chini yalikuwa yamefifia, yamelowa, lakini yameshika. Kitambaa kilikuwa kimeyapitia mara moja tu. Juu ilikuwa habari nyingine. Pale chupa ilikuwa ikikaa kwa miezi, na matone yalikuwa yamejipenyeza chini ya rangi kidogo kidogo kabla ya kitambaa kuja kumaliza kazi. Jina la Zuena lilikuwa limeinuka lote. Lilikuwa linaelea juu ya mafuta kama utando wa maziwa yaliyochemka, herufi zote tano zimo, hata ile Z iliyogeuka. Alilisogelea kwa kidole chake cha shahada, akakiondoa haraka kabla hakijagusa.

Alimimina ndoo yake ya kwanza chini ya lile jina, akayaosha yale kumi. Maji yaliteremka meupe. Abdulhamidu alirudi na madumu mawili, akamimina moja hapohapo. Kwa dakika moja Mwanamkuu alifikiri amefanikiwa. Mmepona, akawaambia kimoyomoyo wale kumi. Kisha akaona uzi mwembamba wa mafuta unateremka tena kutoka juu. Chini ya ule utando wa Zuena palikuwa pamejaa, na pale palipokuwa pamejaa pangeendelea kuvuja juu ya wengine asubuhi nzima.

Alilielewa jambo lote kwa mara moja, kama fundi. Asipopaosha pale juu, huenda jina lile likatulia na kukauka likiwa limekunjamana, lakini likabaki. Na majina kumi yaliyo chini yake yatavimba moja moja, kuanzia la kwanza mpaka la Munira, siku tatu kabla ya harusi yake. Akipaosha, Zuena ataondoka na maji.

"Bi Mwanamkuu," Abdulhamidu alisema, sasa anaelewa, uso umemsinyaa. "Hakuna namna nyingine? Tukalikausha kwa pamba, polepole?"

"Ukiligusa na pamba, pamba italichukua."

"Baba angeniua."

"Baba yako angelia," alisema Mwanamkuu. "Nipe dumu."

Tusimfiche. Ilimuuma. Ilimuuma kama ile alasiri ya miaka karibu thelathini iliyopita, na safari hii ni yeye aliyepaswa kufanya. Alisema bismillahi, akainua dumu, akamimina juu kabisa, polepole, kama mtu anayemnawisha mgeni. Ule utando ulijikunja. ZUENA akateremka mzima juu ya majina ya wenzake, akapita pembeni mwa taa, akaanguka mchangani, na maji yakamfunika. Mwanamkuu aliendelea kumimina mpaka maji yakaisha. Aliagiza mengine. Hakuacha mpaka alipopima kwa kidole na kuhakikisha kwamba kinachotiririka ni maji matupu.

Ndipo akakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, akafunika uso kwa upindo wa kanga, akalia waziwazi kando ya barabara, watu wakipita na kunyamaza kwa wema uleule wa zamani.

"Msininyamazie," alisema baadaye, kwa hasira, hakuna aliyejua anamwambia nani. "Alikuwa anaitwa Zuena. Semeni."

Abdulhamidu alisema. "Zuena."

"Haya," akasema Mwanamkuu, akapangusa uso, akasimama. "Sasa kamwite Hafidhi."

Hafidhi ni fundi breki wa karibu na soko, mtu wa maneno machache. Alifungua kile kikopo, akatazama raba, akasonya. Raba mpya zilifika kesho yake asubuhi kwa boti ya kutoka Nyamisati, ng'ambo bara. Mwanamkuu alimsimamia kama hakimu. Madigadi ilifunikwa taulo zito lililoloweshwa maji, juu yake nailoni, juu yake taulo jingine. Chupa iliwekwa chini mchangani na haikupanda juu hata mara moja. Mafuta yaliingizwa kwa mpira mwembamba, kitambaa kimezungushiwa mdomo wa kikopo, na ndoo mbili za maji zimesimama kulia na kushoto. Hafidhi alipomaliza alikanyaga breki mara kumi, akapitisha kidole kavu kuzunguka kikopo, akakionyesha. Kilikuwa kikavu.

"Nimefanya kazi chini ya wakaguzi," alisema, "lakini mkaguzi kama huyu sijaona."

"Na hujaona bado," akajibu Mwanamkuu. "Utapita kila mwezi kuangalia."

Yale majina kumi yalikauka vizuri. Weupe wao ulipoteza ung'aavu, na la tatu lilikuwa na mikunjo midogo, lakini yalisomeka kutoka ng'ambo ya barabara. Abdulhamidu alitaka yapakwe upya yote. Mwanamkuu alikataa. Walioponea chupuchupu, alisema, wasionewe haya kwa makovu yao. Alichofanya ni kuyapaka nta ya gari yakishakauka kabisa, na kumweleza Abdulhamidu mara tatu kwamba nta hiyo itaikinga rangi na chumvi, siyo na mafuta ya breki, na dawa ya mafuta ya breki ni ipi?

"Maji kwanza," alisema Abdulhamidu.

"Na maneno?"

"Baadaye."

Palibaki pale juu. Kijani kilikuwa kimebanduka pamoja na jina, alminiamu tupu inaonekana kama upara. Alhamisi jioni Mwanamkuu alipapiga msasa, akapasafisha, akapaka rangi ya chini, na kijani juu yake. Ijumaa baada ya swala alirudi na kikopo kidogo cha rangi nyeupe na brashi yake nzuri kuliko zote, ile asiyomwazima mtu. Munira angechukuliwa kesho yake. Abdulhamidu alikuwa amekaa kibarazani. Alisimama akasogea pembeni ili asimwangushie kivuli.

Mwanamkuu alichovya brashi. Alifumba jicho moja, akavuta pumzi. Herufi zilikuwa tayari mkononi mwake, nzuri, zimenyooka, angeziandika hata usingizini.  Kisha akafumbua jicho, akamgeukia Abdulhamidu, akamnyooshea brashi.

"Andika wewe."

"Mimi? Bi Mwanamkuu, mimi hati yangu unaijua. Walimu walikuwa wananichapa kwa hati hii."

"Naijua. Uliirithi kwa baba yako."

"Nitaharibu tena!"

"Huwezi kuharibu zaidi ya alivyoharibu yeye. Mimi nikiliandika litakuwa bango la duka. Shika, rangi inakauka."

Abdulhamidu alishika brashi kama mtu aliyeshika kisu kwa upande wa makali. Alianza. Z yake haikugeuka nyuma kama ya baba yake, ila ililala chali. U ilikuwa pana kama sufuria ya harusi. Alitoa ulimi nje kwa kujitahidi, jasho likamtiririka, na alipofika kwenye N aligundua kwamba nafasi imemwishia, akamtazama Mwanamkuu kwa woga. Mwanamkuu alikuwa ameweka mikono kiunoni, midomo ameibana. Hakukuwa na njia isipokuwa kuiteremsha ile A pembeni, kwenye ukingo, palepale ilipoangukia ile ya zamani.

"Nimelikosea," alisema Abdulhamidu, akirudi nyuma. "Si nilikwambia? Nilifute, uandike wewe?"

Mwanamkuu alisogea. Alilisoma kwa sauti, herufi moja moja, kisha jina zima, mara mbili, watu waliokuwa barabarani wakisikia. Alinyoosha kidole chake cha shahada, akakumbuka kwamba rangi ni mbichi, akakirudisha.

"Ukilifuta nakuvunja mkono," alisema. "Kaa hapa ulinde lisiguswe mpaka likauke."

Akaichukua brashi yake akaenda kuiosha.